Usimpe hela bado

Ngaramtoni, Jumapili jioni

Mangi wangu,

Mpe mama shikamoo yangu. Huku wazima, ila baridi ya safari hii inauma. Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa huniachi nimalize.

Baba Happy ameniambia unataka kumpa yule kijana wa spoila laki tatu na nusu, eti ukifunga bawa lake juu ya Noah mafuta yatapungua robo. Tafadhali, usimpe bado. Jumatano nilishinda naye gereji. Nikamuuliza amepimia wapi. Akasema amesoma nje, na dereva hawezi kumhoji mtaalamu. Nikarudia swali, akanionyesha picha za magari ya mashindano. Baba Happy naye akaja juu: yeye ana miaka 30 chini ya magari na anajua upepo hauna lolote kwa gari za kwetu. Huyu cheti, yule mvi, swali langu likabaki palepale.

Basi Alhamisi alfajiri, malori hayajaanza, nikaenda kwenye ile tambarare ya karibu na njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Nafika 80, naweka nyutro, dogo anahesabu sekunde mpaka 50. Kisha nageuka na kurudi, maana ukienda upande mmoja tu huenda umesukumwa na upepo au mteremko. Mara nne kila upande na keria ya mizigo juu ya gari langu, mara nne bila. Wastani ni sekunde 33 na keria, 36 bila keria; yaani ikiwepo keria hewa inalizuia gari zaidi, linapoteza mwendo mapema. Kwa hiyo Baba Happy amekosea, na nilimwambia. Keria nimeivua.

Lakini itazame njia yako. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne. Huko juu ndiko bawa linaweza kuwa na la kufanya. Wewe kutoka Himo mpaka Marangu Mtoni unasimama kila kona, unapanda mlima na gari limejaa. Mafuta yako yanaliwa na kuondoka na kupanda. Hiyo robo ataitoa wapi?

Namkumbuka Edmund Rumpler, mtengeneza ndege aliyeonyesha gari lake la umbo la tone kule Berlin mwaka 1921. Wanunuzi hawakulitaka. Mwaka 1979 Volkswagen wakaliingiza kwenye handaki lao la upepo, kipimo chake cha ukinzani wa hewa kikatoka 0.28; namba ikiwa ndogo, gari linapasua hewa kirahisi. Mwenyewe alikufa 1940, hakuwepo kulisemea. Kijana wetu yupo, anaongea, na namba hana.

Umeshampa advansi? Amekuandikia popote kwamba atarudisha hela mafuta yasipopungua? Atakubali tuipime Noah yako na bawa na bila bawa, wewe ukiwa kwenye usukani? Matairi uliyajaza upepo lini? Na goti la mama, zile dawa zimesaidia? Jumamosi naweza kushuka na dogo, saa ya kuhesabia sekunde ninayo. Nijibu kabla kijana hajafika kwako.

Wako,
Baba Neema