Wito wa harambee: kipimo cha mishipa ya ubongo kwa mtoto wetu wa shule ya Jumapili

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe.

Mwezi uliopita mtoto wetu mmoja mwenye umri wa miaka 9, aliyezaliwa na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), alikuwa akinywa uji asubuhi, mara kijiko kikamponyoka mkono wa kulia na maneno yakamkwama. Baada ya nusu saa hivi alirudia hali yake, akataka kwenda shule. Daktari hakufarijika na nafuu hiyo, kwa kuwa selimundu huumiza kuta za mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hadi mishipa ikasinyaa, na dalili kama zile zinaweza kutangulia kiharusi chenyewe.

Ameagiza kipimo cha MRI cha ubongo na mishipa yake. Baadhi yenu mmeuliza, na ni haki yenu, kwa nini picha ya kawaida isitoshe. Mashine hii hutumia sumaku na mawimbi ya redio badala ya eksirei, na inaweza kuonyesha mishipa ya kichwani bila sindano ya dawa: damu inayotiririka hung'aa nyeupe, na pale mshipa ulipobana weupe huo hufifia au hukatika. Majibu yatamsaidia daktari kuamua kama mtoto aanze kuongezewa damu kila mwezi, tiba ambayo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa hupunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto wa selimundu walio katika hatari kubwa.

Ndani ya mashine atatakiwa kulala bila kutikisa kichwa, katikati ya makelele. Kwa hiyo kila jioni mama yake humlaza mkekani, kaka yake akigonga sufuria pembeni ili azoee. Akifaulu, hatutalipia dawa ya usingizi.

Familia haina bima. Zinahitajika shilingi 900,000 za kipimo, nauli na malazi. Jumuiya zimekwisha kuchanga 340,000. Harambee itafanyika Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, na atakayeleta kuku, mahindi au mchele, mchango wake utapigwa mnada kama kawaida. Mhazini atatoa stakabadhi kwa kila mchango. Mwenye gari anayetarajia kwenda jijini wiki inayofuata amwone katibu; tunahitaji nafasi mbili, na mtoto asikae kwenye upepo wa baridi.