Shukrani zetu kwa wote mliomsindikiza Baba, fundi wa magari wa Msamvu, Morogoro

Bwana Yesu asifiwe ndugu, jamaa na marafiki, na ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum.

Naandika kwa niaba ya Mama, kaka, wadogo zangu na ukoo wote wa kule Gonja, Upareni. Tangu turudi kuzika simu haijapumzika na kila nikisema nimpigie mmoja mmoja kumshukuru nashindwa, mmekuwa wengi mno, na wengine namba zenu hatuna kabisa maana mlimjua Baba barabarani tu, gari ilikufa Msamvu usiku mkaambiwa mfuateni yule mzee nyuma ya stendi, akawatoa, mkaendelea na safari ya Dodoma au Iringa. Leo mmekuja kumzika. Sijui niseme nini zaidi ya asanteni sana.

Tuwashukuru kwanza madaktari na manesi wa wodi ya wanaume mliokesha naye zile siku kumi na moja presha ilipokataa kushuka. Mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya mbili, majirani wa mtaani mliofunga turubai na kuleta masufuria hata kabla sisi watoto hatujafika, mama zetu mliopika usiku kucha, mashemeji, wakwe, wajomba na mashangazi. Mafundi wote wa gereji za jirani mlifunga kazi siku mbili nzima, wa injini, wa umeme, wa bodi, wa rangi, na sisi tunajua kwenu siku ikipita hujashika spana nyumbani hakuliki. Mungu awarudishie.

Kuna jambo la njiani lazima nilisimulie. Tulitoka Morogoro saa nne usiku, Kosta mbili na magari madogo nyuma ya gari la mwili, Chalinze, Segera, Korogwe, tumevuka Mombo kidogo Kosta ya pili taa ya chaji ikawaka na temperecha ikapanda, mkanda wa feni umekatika. Dereva hajamaliza hata kupaki vijana wa Baba wanne wameshashuka, mmoja kavua koti la suti kalitandaza chini kaingia uvunguni, mwenzake kafungua begi lake la nguo katoa mkanda mpya. Nikamuuliza wewe umebeba mkanda msibani? Akanijibu kaka, Mzee alitukataza kusafiri mikono mitupu. Kama dakika ishirini hivi tukawa barabarani tena, tukafika njia panda ya Mkomazi kunapambazuka, tukakata kulia kuelekea Ndungu na Gonja. Mama alikuwa kimya njia nzima, hapo ndo akaongea, akauliza kama wale vijana wamenawa mikono.

Aliuliza hivyo kwasababu ya Baba. Baba alikuwa hagusi kitu cha nyumbani na mikono ya oili. Akirudi jioni alikuwa anakaa kwenye jiwe pale nje anajisugua kwa mafuta ya taa, halafu sabuni ya unga na mchanga, mpaka kwenye viwiko, ndo aingie abebe mtoto au ashike daftari la shule. Wajukuu walishajua, wanamsubiri kwenye jiwe na kopo la maji.

Kwa msiomjua vizuri, Baba alitoka Upareni kijana akaja Morogoro kufuata viwanda, akaanza kama kibarua wa kuosha spea kwenye gereji ya kiwanda, akafanya trade test, ile mitihani ya ufundi, mpaka akawa fundi kamili wa malori. Alitusimulia ile miaka ya 80 mwanzoni mafuta ya shida na spea hakuna, jumapili mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani, unachonga bushi mwenyewe na gasketi unaikata kwenye karatasi gumu. Viwanda vilipoyumba akapunguzwa kazi, akaja kufungua gereji yake chini ya mwarobaini na boksi moja la spana. Kwa hilo boksi tumesoma wote watano, wa kike na wa kiume bila kubagua, na watoto wa marehemu baba mdogo wawili juu yake.

Siku hizi gari inachomekwa mashine inajisema yenyewe ugonjwa, na Baba hakuidharau hiyo mashine, alinunua. Ila kabla ya kuichomeka alikuwa anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini na mpini anauweka sikioni, anafumba macho, anahama silinda moja moja. Anakwambia nozeli ya tatu hiyo. Mnaifungua, ni ya tatu.

Na wazazi wa wale vijana mliosimama makaburini mkashukuru kwa ajili ya tarehe 10 Agosti 2019 tumewasikia. Siku lori la mafuta lilipopinduka hapa Msamvu na watu wakakimbilia kuchota petroli, Baba alifunga geti la gereji akasimama mlangoni na spana ya magurudumu, vijana wakamtukana, hakutoka. Walikufa watu zaidi ya 100. Mwenyewe alikuwa halizungumzii kabisa, hata sisi mengi tumeyajua juzi kaburini.

Mama alipopata kiharusi Baba alimtengenezea kiti kwa mikono yake, bomba za chuma, tairi za baiskeli, breki ya mkono, akashona na mto. Akawa anamsukuma mwenyewe kila jumapili mpaka kanisani, hataki tumsaidie. Mliomwona Mama pale Gonja amekaa kwenye kiti chenye rangi ya bluu ndo hicho.

Watani zetu Wachaga asanteni, mlilikamata boksi la spana mkaligeuza meza ya chai, mkakataa kulitoa mpaka tulikomboe kwa elfu hamsini na kreti mbili za soda. Mlitufuta machozi kwa kweli.

Kuhusu madeni. Daftari la Baba tumelikuta, wanaodaiwa ni wengi na wengine ni wa miaka mingi, kikao cha familia kimeamua mwenye nacho alete kwa Mama kwa hiari yake, asiye nacho tumemsamehe, Baba mwenyewe asingekufuata. Kama Baba alikuwa anadaiwa na wewe tafadhali njoo utuone kabla ya ibada ya shukrani, hiyo tutaifanya nyumbani Msamvu na siku tutawatangazia.

Gereji haifungwi, kaka na wale vijana wanaendelea palepale. Mwenye Suzuki Carry nyeupe aliyoileta ikiwa imeungua gasketi ya silinda hedi, gari yako Baba aliimaliza siku moja kabla ya kulazwa, ameijaribu mpaka Kihonda na kurudi. Funguo iko kwa Mama, njoo uichukue.