Kijana wa mwavuli pale Mwanjelwa

Kwako kijana uliyekaa chini ya mwavuli karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya, siku ile ya mvua. Jina sikukuuliza, na hilo linaniuma. Simu yangu ilijisasisha usiku, asubuhi ikaandika "Hakuna huduma". Fundi wa kwanza alitaka kuifungua, eti antena imekufa. Wewe ulihamishia laini yangu kwenye kitochi chako, mtandao ukashika. Ukabonyeza *#06#, namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, ikatokea, ukacheka: "Mama, simu nzima hii." Ukaweka upya mipangilio ya mtandao, ukinionya kwanza kuwa nywila za Wi-Fi zitafutika, picha zitabaki. Ikajizima, ikawaka, mara binti yangu akapiga kutoka Tukuyu! Hela ulikataa, ukapokea ndizi mbili tu. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mwanangu.