Barua ya wazi kwa wajukuu wanaouchimba ukoo wa babu yao

Wajukuu zangu wa Preston, Bolton na Manchester, na nyinyi watoto wa wenzangu mliozaliwa katika nyumba zenye baba wa Lancashire na mama wa pwani yetu,

Salamu sana. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa maneno mazito hunijia kwa lugha niliyonyonya. Ambaye Kiswahili chake kimekatika njiani, mama yake atamsomea.

Ule mti wa ukoo wa marehemu babu yenu mlioutundika mtandaoni nimeuona. Mmefika mbali, hadi kwa mfumaji mmoja aliyeoa kabla reli haijaingia Preston, na kwa hilo hongereni. Tena mmoja wenu ameniletea kikombe chenye simba wawili na ngao, ati ndiyo nembo ya ukoo wetu. Nimeshukuru, na chai nainywea humo. Lakini mjue kwamba kwa Waingereza nembo hupewa mtu, haipewi jina. Kuitwa jina moja na bwana mkubwa hakukupi simba wake. Wazee wenu hawakuwa na ngao. Walikuwa na nambari ya ushirika.

Hilo msilicheke. Watu 28 wa Rochdale, wakiwemo wafumaji, walifungua duka lao mtaa wa Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844, ili wauziane unga usiochanganywa na uchafu na faida irudi kwa mnunuzi kadiri alivyonunua. Baadaye duka la ushirika likawa la kila mtaa wa wafanyakazi huku, na mtoto akitumwa sukari lazima aitaje nambari ya mama yake, la sivyo gawio linapotea. Wifi yangu siku hizi hakumbuki kama amekunywa dawa zake za asubuhi. Mtajieni ushirika muone: nambari ya mama yake inamtoka kama Baba Yetu.

Ninachotaka kuwaambia kimekaa hapo hapo. Nyinyi mmeshika karatasi, na karatasi za Waingereza ni nyingi kweli. Kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa serikali kulianza tarehe 1 Julai 1837, na sensa yenye majina ya kila mtu ikafuata 1841. Kabla ya hapo mna madaftari ya makanisa, yaliyoamriwa tangu 1538. Sisi wa Muheza tungekuwa na robo ya hayo tungeringa. Ila karatasi nayo ina desturi zake, na asiyezijua inamzungusha. Mmegombana wiki nzima juu ya mzee mmoja ambaye kwa sensa ya 1841 hesabu inatoa amezaliwa 1811, na kwa ile ya 1851 inatoa 1808, mpaka mkamkata akawa watu wawili. Ni mtu mmoja. Mwaka 1841 makarani waliambiwa umri wa watu wazima waushushe hadi tano ya karibu; mwenye miaka 33 akaandikwa 30. Mrudishieni mzee mwili wake.

Na yule bibi aliyetia alama ya X kwenye cheti cha ndoa, mliyeandika pembeni kwamba "hakuwa na elimu": futeni. Semeni hakujua kuandika, inatosha. Mtu anayesimamia mashine za kufumia, akaona uzi mmoja wa mtande umekatika kati ya mamia na kuuunga kwa vidole, ana elimu yake.

Sasa tazameni lile pengo. Sensa ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, mkaisoma. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, wala si kwa bomu. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Ya 1951 itafungwa miaka mia, na itakapofunguliwa mimi nitakuwa udongo. Katikati mna orodha moja tu, ile iliyoandikwa Septemba 1939 ili watu wapewe vitambulisho vya vita, na humo mama mkwe wangu ameandikwa anafanya "shughuli za nyumbani bila malipo." Yeye aliyekwenda kiwandani tangu utoto wake! Wake wengi wa wafumaji wameandikwa hivyo hivyo.

Miaka 30 hiyo, iliyowalea wazazi wa babu yenu na babu yenu mwenyewe, haimo makabatini. Imo vichwani mwa wazee watatu waliobaki, na mkubwa wao ana miaka zaidi ya 90. Siri ya mtungi aijuaye kata. Jengo la nyaraka pale Bow Lane litakuwepo mwakani. Hawa sina hakika.

Nitawapa mfano. Mmeshangaa kwa nini kijana wa miaka 17 mnayemkuta kwenye barua za 1932 anaishi mtaa wa pili kwa watu baki, na mmeshaandika kwamba alikosana na baba yake. Hakukosana na mtu. Kuanzia 1931 asiye na kazi, malipo yake ya bima yakiisha, alipimwa kipato cha nyumba nzima: mtoto akiwa na mshahara, posho ya baba inapunguzwa. Mkaguzi aliingia ndani, akahesabu viti, akauliza ile piano ya nini. Basi vijana wengi walihama kwa hesabu tu, wakalala kwa jirani na kula kwa mama zao. Hilo nililisikia kwa baba mkwe, akilisimulia huku amegeukia dirisha, maana aibu ile haikumtoka hadi anakufa.

Watu hawa hawasemi sana. Nilipofika 1971 kusomea uuguzi, na mwaka uliofuata babu yenu akanipeleka kwao, mama mkwe alinitazama, akageukia dada mtu akawa anachezesha mdomo wote bila sauti, nyusi juu, meno nje. Nikajua ndiyo ananiapiza. Kumbe ndivyo wafumaji walivyosemezana. Kelele za mashine zilikuwa haziachi sauti ipite, wakajifunza kusoma midomo, na wakiwa mtaani waliendelea hivyo hivyo, hasa kwa mambo ya magonjwa na ya watu wengine. Baadaye niliambiwa alikuwa anasema: "Amekonda, mpe viazi." Miaka miwili ilipita ndipo akaniita kwa jina langu huku ametanguliza neno "wetu," kama wanavyowaita watoto wao. Siku hiyo nililia chooni. Haya mmeyaandika wapi kwenye mti wenu?

Tena kuna habari ya asali, ambayo wakubwa wenu wanaijua nusu. Babu wa babu yenu alikuwa askari wa kikosi cha pili cha Loyal North Lancashire, jeshi la Waingereza, kikatolewa India kikateremshwa Tanga, Novemba 1914. Waingereza na Wahindi wao walikuwa kama 8,000, Wajerumani na askari wao weusi chini ya Lettow-Vorbeck kama 1,000, na baada ya siku chache wale 8,000 walikuwa wanarudi melini mbio. Nyuki walitoka mizingani wakawashambulia watu vitani, ndiyo maana hata Wazungu wenyewe waliviita vita vya nyuki. Jalada la askari huyu mmelitafuta hamkulipata. Mafaili mengi ya vita vile yaliungua London kwa mabomu Septemba 1940. Kadi yake ya medali ipo, lakini kadi haisemi kwamba mtu huyu hakugusa asali tena maisha yake yote. Babu yenu aliponiuliza natoka wapi, nikamjibu Tanga, akacheka: "Kwa hiyo nyinyi ndio mliotunyima asali nyumbani." Nyinyi nyote mmetoka kwenye sentensi hiyo.

Upande wangu, kaka ya babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza walipoiteka Tanga 1916. Hakurudi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile, na jina la huyu wetu hatujaliona popote. Kariakoo, mnakonunua viatu mkienda likizo, imebeba jina la kikosi chao. Jina lake yeye nilifundishwa na bibi yangu tukitwanga, pamoja na la baba yake na babu yake, nikikosea narudia. Ndiyo maana siwezi kuidharau kauli ya mzee hata anaposahau dawa. Kwetu tulikuwa na mdomo bila karatasi. Huku mna karatasi, na midomo inafungwa mmoja mmoja.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mmoja wenu amekuta cheti ambacho safu ya baba imepigwa mstari mtupu. Mwenye cheti yuko hai, mnamjua, simtaji. Akaandika chini ya jina lake, mahali dunia nzima inasoma, neno ambalo sitalirudia.

Mjukuu wangu, liondoe leo kabla hujalala.

Nisikilize kwa nini. Msichana wa kiwandani aliyepata mimba bila ndoa, wakati ule, mara nyingi mtoto wake alilelewa na bibi kama wa kwake, na mama akaitwa dada. Nyumba nyingi za Lancashire zina dada wa namna hiyo. Waliokosa pa kwenda walijifungulia katika nyumba za kazi za maskini. Mwaka 1904 wasajili waliagizwa wasiitaje nyumba hiyo kwenye cheti cha mtoto, waweke anwani ya mtaa wa kawaida, ili asije akachekwa ukubwani. Makarani wa serikali, watu baki, walimsitiri mtoto wa watu. Wewe wa damu unamwanika?

Mimi nimeosha maiti miaka 31 katika kazi yangu, na waliosema aibu ya maiti aijuaye mwosha walijua wanachosema. Habari ya cheti hicho niliambiwa jikoni mwaka 1979 tukimenya viazi, na nimekaa nayo mpaka leo. Sisemi mdanganye. Aliyekufa karne iliyopita, andikeni yote, hata kifungo cha jela na hata talaka. Aliye hai, andikeni kwenye karatasi, mtie bahasha, na mwenyewe aulizwe. Wala asiulizwe "ni kweli?" kama yuko polisi. Muulizeni mama yake alikuwa anapika nini, nani aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Akitaka kufika huko atafika mwenyewe. Asipofika, mshukuruni kwa chai.

Vile vipimo vya mate, vya DNA, sivipingi, ila kabla ya kupima jiulizeni ni nani mwingine atakayefunuliwa asiyeombwa ruhusa.

Mwisho, mmeandika kwamba wazazi wa yule askari wa asali walikuwa na watoto watano. Rudini kwenye fomu ya sensa ya 1911. Mwaka ule fomu ilijazwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, na wake walioolewa waliulizwa watoto waliozaliwa hai, waliobaki na waliokufa. Baba yule ameandika 9, 5, 4, na ile nne ameikandamiza mpaka wino umevuja. Hao wanne wako wapi kwenye mti wenu? Faharasa ya serikali ya vizazi sasa inaonyesha jina la mama la ukoo wake tangu 1837. Tafuteni watoto wa mama huyo walioandikwa kuzaliwa, kisha wakakosekana kwenye sensa inayofuata, mlinganishe na vifo. Ni kazi ya jioni mbili.

Wamezikwa kaburi la pamoja, lisilo na jiwe, maana senti za bima ya mazishi zilitosha sanduku tu. Daftari la makaburi litawapa nambari. Ila wifi yangu, akiwa na miaka saba, alikuwa akipelekwa pale kila masika na mama wa yule askari, bibi kizee mwenye viatu vya soli ya mti. Hawakuwa na alama ya kuwaongoza. Bibi alikuwa anaanzia kona ya ukuta, anahesabu hatua kwa sauti, kisha anasimama na kutaja majina manne.

Nimemuuliza juzi. Majina anayo, na hatua anazikumbuka.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa naye getini. Njooni na gari lenye nafasi ya kiti chake cha magurudumu, mje na blanketi, na simu zikae mfukoni mpaka amalize kuhesabu.

Bibi yenu,
Preston