Barua kutoka Kitale: kinamasi cha Saiwa

Kwako rafiki yangu wa tangu utotoni,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka Kitale, na unisalimie shemeji pamoja na watoto. Barua yako ilinifikia salama, nami nimechelewa kuijibu kwa sababu nilitaka kwanza nirudi Saiwa nikae huko siku mbili, ili nikuandikie mambo niliyojionea mwenyewe na si ya kusimuliwa. Uliniuliza kwa nini nakushawishi ufunge safari ndefu namna hii kuja kuona mbuga ambayo wananchi wengi hawajapata hata kuisikia, ilhali Tsavo iko karibu nawe. Swali lako ni la haki, na jibu langu si fupi.

Saiwa ndiyo mbuga ya kitaifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya. Eneo lake ni kilomita za mraba 3 hivi, na ukikumbuka kwamba Tsavo Mashariki peke yake inazidi kilomita za mraba 13,000, utaelewa kwa nini wasafiri wengi wanaoshika njia ya Kapenguria hupita pale pa kukunjia kuelekea Kipsaina bila hata kugeuza shingo. Ilitengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, yaani nzohe, swala wa kinamasi ambaye maisha yake yote ni matete, mafunjo na maji. Gari haliingii ndani. Unaliacha langoni, kisha unatembea kwa miguu kwenye vijia vinavyofuata ukingo wa kinamasi na juu ya madaraja ya mbao yanayokivuka, na kwa kuwa humo hamna simba wala ndovu, unatembea kwa utulivu ambao sijaupata katika mbuga nyingine yoyote.

Mimi na kifungua mimba wangu tulipiga hema karibu na lango, na saa kumi na moja alfajiri tukaamka kwenda kwenye mmojawapo wa minara ya mbao iliyojengwa kando ya kinamasi, ambayo kwangu mimi ni madungu hasa, kama yale ya wazee wetu ya kuamia mpunga. Baridi ilikuwa kali, maana huku tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ukungu ulikuwa umelala juu ya matete hata hatukuweza kuona ng'ambo. Tulikaa kimya kwa muda wa saa nzima, tukisikia ndege wakiamka mmoja mmoja, na nilikuwa nimeanza kumhurumia mwanangu kwa baridi aliponigusa mkono na kunionyesha mahali ambapo matete yalikuwa yakitikisika ingawa hapakuwa na upepo.

Alitoka jike kwanza, mwenye rangi nyekundu ya kahawia na mistari hafifu myeupe ubavuni, asiye na pembe. Nyuma yake, baada ya kitambo kirefu, akaja dume, mweusi zaidi, mwenye pembe zilizojipinda, akitembea ndani ya maji yaliyomfika tumboni kana kwamba yuko nchi kavu. Siri yake iko miguuni. Kwato zake ni ndefu mno na hupanuka anapokanyaga, kwa hiyo hazami katika tope ambalo mimi na wewe lingetumeza hadi magotini. Lakini kwato hizo hizo humfanya awe mzito na mwepesi wa kukamatwa akiwa kwenye ardhi ngumu, ndiyo sababu hathubutu kuliacha tope lake kwenda mbali. Akitishika hukimbilia maji ya kina na kujizamisha, akabakiza pua tu juu. Sisi hatukuliona hilo, na nashukuru kwamba hatukuliona, kwani ni ishara kuwa hatukumtia hofu. Tuliwatazama wakila majani machanga mpaka jua lilipopanda na matete yakawafunika tena.

Katika miti ya ukingoni wapo kima wenye ndevu ndefu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa juu ya macho, ambao watu huwaita kalasinga kwa ajili ya ndevu hizo. Ni adimu sana katika nchi yetu. Hawa hawapigi kelele wala kurukaruka wakikuona. Huganda tawini na kukaa hivyo kwa muda mrefu, wakitumaini utapita, na nakiri kwamba siku ya kwanza tulipita chini yao bila kujua. Mbega utawaona bila taabu.

Sasa nikueleze jambo linalonikosesha usingizi, kwa maana ndilo lililonifanya nikuandikie. Trans Nzoia, kaunti yetu hii, ni nchi ya mahindi, na mashamba yameizunguka Saiwa pande zote mpaka kwenye ua wake. Maji yanayokilisha kinamasi hayatoki ndani ya mbuga. Hutoka juu, mashambani, na huja na kila kitu yanachokutana nacho njiani. Mkulima akilima mpaka ukingo wa mto, mvua ya masika huteremsha udongo na mbolea moja kwa moja hadi kwa nzohe. Akipanda mikaratusi bondeni, miti hiyo hunywa maji kwa pupa mpaka ardhi ikauka. Mbuga kubwa inaweza kustahimili jirani mbaya mmoja au wawili, bali kilomita za mraba 3 haziwezi.

Ndiyo maana nilifurahi mno kuzungumza na mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na mto upande wa juu. Ameng'oa mikaratusi yake, na badala yake amepanda mabingobingo kando ya maji, ambayo huzuia udongo na kumpa malisho ya ng'ombe wake wawili. Katika kipande cha majimaji alichokiacha bila kulima, korongo taji wamejenga kiota chao. Ndege hao, ambao Waganda wamewaweka kwenye bendera yao, wamepungua sana kwa sababu ya kukaushwa kwa ardhi ya namna hiyo, na mzee huyo huwafukuza watoto wanaokwenda kutafuta mayai. Alinionyesha kiota kwa mbali, kwa kidole, wala hakuniruhusu nisogee. Nilimheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Njoo, rafiki yangu, kati ya Desemba na Februari, wakati njia zikiwa kavu na mahindi yameshavunwa, hata ukiwa kwenye mlango wa shamba la mzee utaona mto wote mpaka unapoingia mbugani. Lete sweta mbili na ile darubini yako, kwa sababu mimi na mwanangu tulipokezana moja, na dume alipotokea ilikuwa mikononi mwake, nami sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.