YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUNGUNI KATIKA BASI LENU LA USIKU, DAR ES SALAAM HADI MWANZA

Kwa Meneja wa Uendeshaji,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi iliyopita nilipanda basi lenu katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, nikaketi siti D2 hadi Nyegezi. Dereva aliendesha kwa uangalifu na tulifika salama, na hilo nalitaja kwa sababu siandiki ili kuwachafulia jina. Malalamiko yangu ni juu ya siti yenyewe.

Tulipoipita Dodoma nilianza kuwashwa mkono wa kushoto, ule niliokuwa nimeuegemeza ubavuni mwa siti, na nilipomulika kwa tochi ya simu nikidhani ni mbu, niliona vipele vitatu vilivyojipanga mstari mmoja. Mimi ni fundi cherehani, hivyo jicho langu hukimbilia mshono kabla ya kitu kingine chochote. Nilivuta kitambaa pale kiegemeo kinapokutana na kikalio, na ndani ya mkunjo nikakuta vidoa vyeusi vya vinyesi vyao, kama wino uliovuja, mayai meupe ya kama milimita moja yaliyogandamana na uzi, na kunguni wawili, mmoja bapa na mwenzake amevimba kwa damu.

Nilipomwita mhudumu alinijibu mbele ya abiria wenzangu, "Mama, hao umepanda nao," kisha akaleta kopo la dawa ya mbu na kupuliza juu ya siti, ilhali madirisha yamefungwa na nyuma yangu kuna mama mwenye kichanga.

Sikatai kwamba kunguni wa kwanza aliingia na abiria, kwa kuwa mdudu huyu haruki wala hachupi, bali hutambaa na kubebwa ndani ya mabegi na nguo. Lakini yai lake huchukua takriban siku 6 hadi 10 kuanguliwa, na kinda hujibandua ngozi mara 5, kila mara baada ya kunyonya damu, ndipo akomae. Siti yenye mayai, vinyesi na wakubwa kwa pamoja haikuambukizwa na mimi ndani ya saa chache; hao walikuwa wenyeji wa basi, mgeni nilikuwa mimi. Tena tangu safari za usiku ziruhusiwe upya mwaka 2023, basi linampa kunguni kila anachokipata kitandani: giza, na mtu aliyelala bila kujitikisa kwa saa nyingi.

Nilipofika nililiacha begi barazani, nguo zangu nikazitia maji ya moto. (Zamani ningelifunga begi ndani ya mfuko wa rambo, tangu ulipopigwa marufuku mwaka 2019 natumia kiroba, ambacho safari hii nilikisahau.) Tabu ilikuwa gauni la harusi la mteja wangu, la lesi na shanga, lisilovumilia maji ya moto. Nililipitishia pasi ya mvuke polepole, mshono kwa mshono, siku nzima, kwa sababu kunguni hufa ndani ya dakika chache joto likifika nyuzi 50, na mayai huhitaji zaidi kidogo. Kopo la mhudumu wenu halifanyi kazi hiyo: dawa yake haifiki ndani ya mshono, na kunguni wengi siku hizi wamekuwa sugu kwa dawa za aina hiyo, hata ukiwapulizia huhamia siti ya jirani.

Naomba basi hilo lisipakie abiria mpaka vitambaa vya siti vivuliwe, mishono na fremu zipitishiwe mvuke na mtaalamu wa kuangamiza wadudu, na kazi hiyo irudiwe baada ya wiki mbili, kwani yai moja lililosalia linatosha kuanzisha ukoo mpya. Naomba pia wahudumu waelekezwe mahali pa kukagua kabla ya kila safari, kazi ya tochi na dakika chache kwa kila siti, nami nirudishiwe nauli na niombwe radhi kwa kauli ile.

Tiketi na picha za mshono wa siti nimeviambatanisha. Nisipopata majibu ndani ya siku 14 nitalifikisha suala hili LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu.

Wako katika biashara,

Abiria wa siti D2