Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kiti hicho si cha waliokosa urubani

Mpwa wangu,

Salaam nyingi. Ujumbe wako nimeupata, na wa mama yako ulikuwa umeutangulia, kwa hiyo habari nilishazijua nusu. Macho yamekunyima urubani, na sasa wanamaji wanakupa nafasi ya kuwa afisa wa mbinu kwenye helikopta zao. Umeandika, "Si mbaya Mjomba, angalau nitakuwa hewani." Hapo ndipo uliponigusa. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kazi niliyoifanya miaka yote ile huianza hivyohivyo, kama watu waliokosa wali wakaambiwa kuna ukoko.

Rubani anaiweka helikopta hewani na kuirudisha salama, na hiyo si kazi ndogo, hasa usiku, sitaha inapopanda na kushuka. Lakini iende wapi, itafute nini, kwa chombo gani, na lini iache kutafuta, hayo huamuliwa na afisa wa mbinu. Picha ya rada, sauti za sona (chombo cha kusikilizia chini ya maji), kamera ya joto na redio zinazosema zote kwa pamoja, kila kitu kinaishia kwake. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza anaweza kuwa ndiye kamanda wa helikopta, rubani akiwa chini ya amri yake. Uliza vizuri, lakini, kwa sababu mpangilio hutofautiana. Kwenye helikopta za MH-60R za Marekani kazi hiyo hufanywa na rubani wa pili, hakuna afisa wa pekee. Kwenye Cyclone za Canada yuko, na ameketi nyuma na mwendesha vyombo wake. Kwenye Wildcat ya Waingereza anakaa mbele, ubavuni mwa rubani.

Rafiki yako amepita urubani, nami namtakia heri. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe. Tuseme manowari imeona periskopu ya nyambizi, ile darubini yake ya kuchungulia juu ya maji, kwa sekunde chache, kisha ikapotea. Nyambizi hiyo inaweza kwenda maili 10 za baharini kwa saa. Wewe unafika robo saa baadaye. Imeelekea wapi? Hujui, kwa hiyo unachora duara lenye nusu kipenyo cha maili mbili na nusu, na ndani yake mna maili za mraba kama 20. Ukichelewa ukafika baada ya saa nzima, duara limefikia maili za mraba zaidi ya 300. Muda umeongezeka mara nne, bahari ya kutafuta imeongezeka mara kumi na sita. Ndiyo maana afisa wa mbinu huchukia kupoteza dakika, na ndiyo maana hesabu hiyo inabidi iwe kichwani kabla kompyuta haijaichora.

Halafu bahari yenyewe ina hila. Sauti majini husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, lakini haiendi moja kwa moja. Maji ya juu yana joto, ya chini yana baridi, na mahali yanapobadilika ghafla sauti hupinda. Nahodha wa nyambizi anayejua kazi yake hukaa chini ya tabaka hilo, na meli iliyo juu inaweza kupita bila kumsikia. Helikopta ndiyo yenye dawa: inasimama hewani karibu na maji, inateremsha sona kwa kebo hadi chini ya tabaka, inasikiliza, inaipandisha, inahamia pengine. Au inadondosha maboya ya kusikilizia. Kila boya ukilidondosha limekwenda, na uliyobeba yanahesabika. Uyaweke karibu karibu usimkose, au mbali mbali ufunge njia kubwa zaidi? Kitabu kitakupa kanuni, lakini kanuni haijui kwamba mvua imeanza kunyesha na bahari yote imejaa kelele.

Mfano ninaoupenda ni wa Aprili 1982, katika vita vya Uingereza na Argentina, kwenye kisiwa cha South Georgia. Helikopta ya Wessex kutoka manowari ya Uingereza, Antrim, afisa wake wa mbinu akiwa Chris Parry, iliinasa kwa rada nyambizi ya Argentina, Santa Fe, ikiwa juu ya maji alfajiri ya tarehe 25. Mabomu mawili ya kina, yaani ya kulipukia chini ya maji, yaliijeruhi ikashindwa kupiga mbizi, helikopta nyingine zikaimalizia, na siku hiyohiyo kikosi cha Argentina kilichokuwa Grytviken, kisiwani humo, kikasalimu amri. Wafanyakazi walewale, siku chache kabla, walikuwa wamewaokoa makomando juu ya barafu katika tufani iliyokwisha kuangusha helikopta mbili. Watu husimulia ushujaa wa rubani, Ian Stanley, na anastahili. Lakini doa lile kwenye skrini ya rada lilihitaji mtu wa kulitambua.

Wanaosimulia hiyo husahau nyambizi nyingine ya Argentina, San Luis. Waingereza walirusha torpedo na mabomu ya kina mara nyingi kwa vitu ambavyo havikuwa nyambizi kabisa, na inaaminika baadhi yake walikuwa nyangumi. San Luis ilirudi bandarini mwake salama. Huu ndio upande wa kazi ambao hawatakuwekea kwenye bango la kuandikisha vijana. Mara nyingi utatafuta usipate, na utarudi usijue kama hakukuwa na kitu au kilikuwapo kikakupita. Kama wewe ni mtu wa kutaka jibu kila siku, jipime sasa.

Sehemu kubwa ya kazi wala si nyambizi. Ni kuitazama bahari na kuuliza nani ni nani. Meli za safari za kimataifa za tani 300 na zaidi zinatakiwa kutangaza jina na mahali zilipo kwa mtambo wa utambulisho, hivyo chombo kilicho kimya ndicho kinachokuita. Tangu Desemba 2008 manowari za Ulaya zimekuwa zikilinda meli dhidi ya maharamia nje ya Somalia. Huko utaona ugumu wake: mashua ndogo yenye ngazi na mapipa ya mafuta mengi mno kwa wavuvi, na wewe ndiye wa kumwambia kamanda kama ni wavuvi au sivyo. Sema unachokiona na usiongeze chumvi, kwa sababu kuna wenye bunduki wanaokusikiliza.

Na usisahau mafuta. Helikopta ina saa mbili hadi nne hivi. Meli uliyoiacha, kama inakwenda maili 20 kwa saa, baada ya saa tatu iko maili 60 kutoka pale. Njia ya kurudi unaihesabu tangu dakika ya kwanza.

Kuhusu hofu ya mama yako: helikopta ikianguka majini kwa kawaida hupinduka, kwa sababu uzito wa injini uko juu. Kwa hiyo watakufunga ndani ya chumba cha mfano, wakuzamishe bwawani, wakupindue kichwa chini, mwisho wake gizani. Unashika kitu kimoja usichokiachia, unasubiri kila kitu kitulie, ndipo unafungua mkanda na kutoka. Kila baada ya muda unarudia. Hakuna anayeipenda siku hiyo, hata waliozoea.

Kilicho kigumu kuliko maji ni miezi ya kuwa mbali. Ndoa za wenzangu kadhaa zilivunjika, na sitakudanganya kwamba ilikuwa bahati mbaya tu.

Kabla ya usaili, fanya hesabu za mwendo, muda na umbali bila kikokotoo, huku mtu anakusemesha. Jifunze kuzungumza kwa ufupi redioni: unaita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Wakikuuliza kwa nini unataka kazi hii, usiwatajie helikopta. Waambie kuhusu lile duara.

Dada yangu niachie mimi. Nitampigia Jumapili, wewe kaa kimya mpaka nimalize.

Wasalaam,
Mjomba wako